Pampasi hadi lini? Kumfundisha mtoto poti, na la kufanya akichelewa

Mwanangu wa tatu alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili siku shangazi yake alipomnyanyua kwenye shughuli ya arusi, hapa Ngamiani, Tanga, akampapasa makalio, akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi uwani: "Wifi, huyu bado mwamfunga pampasi?" Mkeka mzima ukageuka. Mmoja akasema wa kwake aliacha hata mwaka hajatimiza. Mwingine akasema wa kiume huchelewa. Mama mmoja mtu mzima akasema taratibu kwamba mtoto amedekezwa huyo. Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikamkalisha mtoto kwenye poti kwa nguvu dakika ishirini, yeye analia, mimi nalia. Hakikutoka kitu. Nusu saa baadaye alikunya nyuma ya mlango, amesimama, miguu ameikaza, amelikamata pazia kwa mikono miwili.

Lile pazia lingenifungua macho kama ningekuwa natazama. Mtoto anayekunya amesimama, ameikaza miguu, anazuia choo kwa sababu kinamuuma. Mimi nilimwona mkaidi. Ilinichukua miezi minne zaidi kuelewa. Basi mwongozo huu nauandika kwa mama, baba, bibi au dada wa kazi aliyekaa mbele ya poti kavu akijiuliza amekosea wapi.

Kwanza, suala la umri

Mama mkwe wangu ni Mdigo wa Mkinga. Watoto wangu wawili wa kwanza alinisaidia kuwalea yeye, na alivyofanya sijawahi kuona mtu akifundishwa kliniki. Mtoto ana wiki tatu tu, yeye anakaa kwenye mkeka, ananyoosha miguu, anamweka mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto umemwegemea, uso unatazama mbele. Kisha anaanza: "Shuuu... shuuu..." Mtoto akiamka, shuu. Akimaliza kunyonya, shuu. Hata usiku wa manane namsikia. Mtoto akikojoa anachekewa na kubembelezwa. Asipokojoa anafungwa winda lake na maisha yanaendelea. Baada ya miezi michache mtoto akiisikia tu ile sauti, anaachia.

Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha habari hiyohiyo kutoka kwa watafiti waliowatazama Wadigo wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki: mafunzo yanaanza wiki za mwanzo, na ikifika miezi mitano au sita mtoto ni mkavu mchana na usiku. Kwa Wamarekani ilikuwa ajabu, maana kwao daktari T. Berry Brazelton alishawafundisha wazazi kusubiri. Mwaka 1962 alitoa matokeo ya watoto 1,170 walioachwa mpaka waonyeshe wenyewe kwamba wako tayari, kuanzia kama miezi 18, na wastani wa kukauka mchana ulikuwa miezi 28.5.

Nani yuko sahihi? Nimelea kwa njia zote mbili, na naona wanafanya kitu kimoja: wanamsoma mtoto. Mama mkwe alikuwa na mtoto mapajani au mgongoni kutwa, tumbo likikaza kidogo anajua. Mtoto wangu wa tatu alipozaliwa nilikuwa nimeshafungua duka. Alishinda na dada, na dada alikuwa na pampasi, na pampasi za siku hizi zinanyonya hadi mtoto mwenyewe hajui kama amelowa. Njia ya mkeka ilishatupita. Ukiwa katika hali kama yangu, unasubiri dalili, na kwa watoto wengi zinaanza kuonekana kati ya miezi 18 na miaka miwili na nusu. Wengi wanakauka mchana karibu na miaka mitatu. Wa kiume huwa nyuma kidogo, hilo kweli, lakini ni miezi tu. Usiku ni habari nyingine, nitaifikia.

Hatua ya 1: Soma dalili

Mvue pampasi asubuhi mbili tatu ukiwa nyumbani, umvalishe chupi ya pamba au nepi ya khanga kuukuu, kisha tazama saa. Anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili? Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kibofu kimeanza kushika. Nyingine ni hizi: anakwenda kujificha akitaka kunya, anakuja kukuonyesha kwamba amelowa, anafuata agizo lenye mambo mawili ("chukua kikombe, mpelekee bibi"), anaweza kushusha kaptula mwenyewe, anakufuata chooni kuchungulia. Usisubiri zote. Tatu nne zinatosha kuanza.

Ukimpeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, mwulize muuguzi kuhusu choo chake palepale, kadi ikiwa mkononi. Ni nafasi nzuri tunayoipoteza, tunaishia kuuliza uzito tu.

Kuna nyakati za kutoanza. Mdogo wake amezaliwa wiki iliyopita, mnahama nyumba, ametoka kuugua malaria. Na mtoto wa kiume aliyetoka tohara: mkojo unamchoma siku kadhaa, ukimshika kwa poti wakati huo atalichukia hadi kesho kutwa. Mwache apone kabisa.

Halafu angalia mvua. Wa pili nilimwanzisha Aprili, katikati ya masika, nguo zikaning'inia ukumbini siku tatu bila kukauka, nyumba nzima inanuka mkojo, na mimi nilikuwa mkali kwa mtoto kwa kosa la mawingu. Anza kaskazi. Joto la Januari Tanga linamruhusu kushinda na fulana tu, na ulichofua asubuhi kimekauka kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 2: Kagua tumbo kabla hujanunua poti

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mtoto akipata choo kigumu mara moja, kikamchana kidogo, anakumbuka. Safari inayofuata anakizuia. Choo kinachozuiliwa kinakaa ndani, maji yake yananyonywa na mwili, kinazidi kuwa kigumu na kikubwa, na kikitoka kinauma zaidi. Anazuia tena. Wiki zikipita, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka hadi haimpi tena taarifa kwamba imejaa. Hapo yanatokea mambo mawili yanayomchanganya kila mzazi. La kwanza, choo cha majimaji kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi, nawe unadhani anaharisha au ni mchafu tu. La pili, ule mzigo unakandamiza kibofu, anakojoa kidogokidogo mara nyingi, au anajikojolea.

Kwa hiyo mtoto anayejikojolea anaweza kuwa na tatizo la choo kikubwa. Mimi nililijua hilo siku daktari aliposhika tumbo la mwanangu upande wa kushoto chini, akanishika mkono akaniambia, "Hebu gusa hapa, mama." Palikuwa na kitu kama muhogo mdogo. Nilimwogesha mtoto yule kila siku ya maisha yake, na sikuwahi kupagusa.

Maswali ya kujiuliza: Anapata choo chini ya mara tatu kwa wiki? Ni vigololi vikavu, au ni kikubwa hadi kinaziba choo? Analia au anakunja uso? Umeona damu kidogo juu ya choo? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, acha poti. Mrudishie pampasi bila kumsema, na lainisha choo kwanza.

Maji ya kunywa, mara kwa mara, hasa kipindi cha joto. Papai lililoiva asubuhi, machungwa ya Muheza pamoja na nyama yake siyo juisi peke yake, mchicha, tembele, kisamvu, kunde, maharage. Ugali wa dona badala ya sembe kama anaukubali. Punguza maziwa ya ng'ombe kama anazidisha nusu lita kwa siku. Wangu alikuwa anashiba maziwa, chakula anakigusa tu. Ikipita wiki mbili bila nafuu, au kama tayari anaogopa kunya, chakula hakitoshi. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, atapewa dawa ya kulainisha kama laktulosi kwa kipimo cha uzito wake. Wazazi wengi tunakosea kuiacha dawa mara tu choo kinapolainika. Utumbo uliotanuka unachukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi hali yake, na daktari ndiye atakayesema lini upunguze.

Na tafadhali, kile kipande cha sabuni tunachowachomekea watoto nyuma kiacheni. Kinawasha ngozi laini, na kinamfundisha mtoto kwamba kila anayemkaribia huko anakuja kumuumiza.

Hatua ya 3: Tafuta poti, na kitazame choo chenu kwa macho ya mtoto

Poti ya plastiki ya kawaida inatosha, yenye kitako kipana isipinduke. Nyayo zake zifike chini. Mtoto ambaye miguu inaning'inia hana pa kujikazia. Niliyoinunua ilikuwa rahisi kuliko pakiti kubwa ya pampasi. Zile zenye taa na muziki, sijui. Wa jirani yangu alikuwa akiikalia kusikiliza wimbo, akishuka anakojoa pembeni.

Sasa choo chenyewe. Nyumba zetu nyingi za Kiswahili zina korido katikati, vyumba huku na huku, na choo kiko uwani, kinatumiwa na wapangaji wote. Chuchumaa mlangoni urefu wake uwe wako, utazame. Giza, mende ukutani, sakafu inayoteleza, na tundu ambalo kwa miguu yake midogo ni shimo la kummeza. Anaogopa, na ana haki. Choo cha shimo ni hatari ya kweli kwa mtoto wa miaka miwili, asiingie peke yake. Mpaka atakapoweza kukanyaga pande zote mbili bila kutanua miguu kupita kiasi, poti ndiyo choo chake, na ikae mahali pamoja anapoijua.

Kilichomo kwenye poti kinamwagwa chooni, hakimwagwi mtaroni wala nyuma ya nyumba kwa kuwa "ni cha mtoto". Choo cha mtoto kinabeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo kama cha mtu mzima. Pampasi nayo usiitupe kwenye tundu, shimo litajaa kabla ya wakati na wapangaji watakusema kwa haki.

Hatua ya 4: Neno moja nyumba nzima

Susu, kojo, mkojo, haja ndogo, pupu, kunya. Chagueni. Bibi anasema hivi, dada anasema vile, baba anasema "kujisaidia", mtoto wa miaka miwili amepotea njiani. Sisi tulikubaliana "susu" na "pupu", na hata babu yake, mtu wa heshima zake, alisikika barazani akiuliza, "Pupu, baba?"

Mavazi yawe ya kuvuka haraka. Kaptula ya lastiki, gauni jepesi. Ovaroli na vifungo viwekeni mpaka sikukuu.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo

Tenga siku tatu nne ambazo yuko nyumbani na mtu mmoja anayemfuatilia. Kunja mkeka mzuri, ondoa zulia, na mwenye kuswali asogeze msala na nguo zake za sala mbali, ugomvi wa najisi usije kuangukia mgongo wa mtoto.

Siku ya kwanza mwache aikalie poti na nguo zake akipenda, amkalishe mwanasesere, aizoee. Kisha mpeleke kwa nyakati zinazojulikana: akiamka, baada ya kula, kabla ya kuoga, kabla ya kulala, na kabla hamjapanda bajaji. Wakati wenye baraka ni dakika ishirini au thelathini baada ya chakula, kwa sababu tumbo likijaa utumbo mkubwa unaanza kusukuma wenyewe. Wa kwangu, chai ya asubuhi na kiazi, alikuwa hakosi.

Dakika tano zinatosha. Hakikutoka kitu, anainuka, mnaendelea. Usimwekee simu ya katuni; atakaa saa nzima na mwili wake hausikilizi. Mhadithie, mwimbie, au piga ile shuu ya mama mkwe, bado inafanya kazi kwa mtoto wa miaka miwili. Kumwaga maji taratibu kutoka kwenye kopo nako kunasaidia.

Usimuulize kila baada ya dakika tano kama anataka kukojoa. Wazee walisema kuchamba kwingi huondoka na mavi, na sijaona pengine inapofaa kama hapa. Mtoto anayeulizwa mno anajibu "hapana" hata mkojo ukiwa mlangoni. Mwambie tu, "Twende susu kisha tule," kama unavyosema twende tukanawe.

Akifanikiwa, msifu kwa alichofanya: "Umekojoa kwenye poti, safi." Pipi kila mara si lazima. Nimeona mtoto aliyejifunza kutoa matone matatu kwa pipi tatu.

Wa kiume mwanzishe kwa kukaa au kuchuchumaa. Akianza kwa kusimama, choo kikubwa kinamshinda kuelewa, achilia mbali ukuta.

Hatua ya 6: Akijikojolea

Atajikojolea. Wiki ya kwanza mara nyingi kwa siku, na hata baada ya miezi akiwa amezama kwenye mchezo. "Umelowa. Njoo tubadilishe, susu inakwenda kwenye poti." Basi. Akusaidie kuipeleka nguo kwenye beseni, kama kazi, bila sura ya adhabu.

Kofi halikaushi kibofu. Linamfundisha kujificha, na anayejificha anazuia, na anayezuia anarudi kwenye ile habari ya muhogo tumboni. Kwa watoto wengi kujifunza mchana kunachukua miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo jirani anayesema wa kwake aliweza kwa siku tatu, mpongeze, kisha nenda zako.

Kama mmejaribu wiki mbili na kila mara ni vita, simamisheni. Pumzikeni mwezi mzima bila kulitaja poti. Hilo ni gumu kwetu kuliko kwa mtoto.

Hatua ya 7: Kuchamba na kunawa

Mpaka afike kama miaka minne mitano utamchambisha wewe, lakini aanze kushika kopo mapema. Mkono wa kushoto, na maji yaende kutoka mbele kwenda nyuma, hasa wa kike. Njia yake ya mkojo ni fupi na iko karibu, uchafu ukivutwa mbele anapata maambukizi ya mkojo. Kisha sabuni, mikono yote miwili, yake na yako.

Akichelewa, au akirudi nyuma

Mtoto aliyekuwa mkavu akaanza tena kulowa, anza kuuliza ni nini kimebadilika. Mdogo wake amezaliwa. Baba amesafiri. Ameanza chekechea au madrasa na vyoo vya huko vinamtisha, kwa hiyo anabana kutoka asubuhi mpaka arudi nyumbani. Hili la mwisho ni la kawaida mno. Nenda naye siku moja, mwingie pamoja mkaone, mwambie mwalimu au ustadhi kwamba akiomba ruhusa asicheleweshwe, na mtilie kaptula ya akiba kwenye begi.

Kisha ugonjwa. Anakojoa mara kwa mara, analia akikojoa, mkojo una harufu kali, ana homa: apimwe mkojo. Mkojo una damu, hasa mwishoni: fikiria kichocho. Mkoa wetu unacho, na kinapatikana kwenye maji baridi, mito, mabwawa, majaruba ya mpunga, baharini hakipo. Mtoto mdogo ambaye hajawahi kwenda kuogelea anaweza kukipata kwenye beseni ulilomwogeshea maji ya mto. Anawashwa nyuma usiku, anajikuna: minyoo midogo. Tanzania Bara watoto wa chini ya miaka mitano hupewa dawa ya minyoo na vitamini A mwezi Juni na Desemba, usimpitishe.

Anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno, anakonda, amechoka: mpeleke siku hiyohiyo apimwe sukari. Kisukari kinawapata watoto pia, na kwao hakisubiri.

Mtoto aliyebadilika ghafla, anaogopa mtu fulani au mahali fulani, hataki kuvuliwa nguo, amwone mtaalamu haraka. Mwulize kwa upole ukiwa naye peke yenu, usimhoji kama askari. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, watakuelekeza.

Na wapo watoto wenye safari ndefu zaidi. Mwenye usonji anaweza kuhitaji picha za hatua moja moja zilizobandikwa ukutani, poti ileile, saa ileile, na miezi mingi zaidi. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti kinachomshika mgongo ili misuli ilegee. Aliyezaliwa na mgongo wazi huenda mishipa ya kibofu haipeleki taarifa kabisa, na wazazi hufundishwa hospitali kumtoa mkojo kwa mpira. Nimeona mama akiambiwa mtoto wa namna hiyo ni mvivu. Yule mama alikuwa anafua mara nne kwa siku.

Usiku

Kukauka usiku hakufundishwi kama mchana. Mwili wenyewe lazima uanze kutoa homoni inayopunguza mkojo usiku, na ubongo ujifunze kuamka kibofu kikijaa. Katika umri wa miaka mitano, watoto kama 15 kati ya kila 100 bado wanakojoa kitandani, na wengi wao wataacha wenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Mara nyingi ni urithi. Kabla hujamwita mtoto kikojozi, muulize bibi yake kuhusu baba yake. Sisi tuliuliza. Mume wangu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia baiskeli.

Tandika nailoni chini ya shuka na khanga nzito juu yake. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze ile saa ya mwisho kabla ya kulala. Chai ya rangi na soda jioni aache. Akojoe kabla hajapanda kitandani. Poti ikae chumbani, na taa ndogo, maana hakuna mtoto atakayekatiza korido na uwani usiku wa giza. Asilazwe sakafuni peke yake kama adhabu, asibebeshwe godoro mbele ya wenzake, asiimbiwe.

Lini umwone daktari, na uende na nini

Ana miaka minne na mchana bado hajakauka kabisa. Ana miaka mitano au zaidi na choo kikubwa kinamtoka kwenye nguo. Alikaa mkavu miezi sita akaanza tena, na nyumbani hujaona kilichobadilika. Mkojo unadondoka muda wote bila kukatika, au mtoto wa kiume anatoa mkojo mwembamba kwa kujikaza. Miguu inalegea, anajikwaa, au ana kishimo au nywele chini ya uti wa mgongo. Ana miaka saba na usiku bado.

Usiende mikono mitupu. Chukua daftari la shule, andika siku tatu: saa ngapi amekunywa na kiasi gani, saa ngapi amekojoa, kwenye poti au kwenye nguo, choo kimekujaje. Mimi nilikwenda mara ya kwanza bila chochote, nikasema "hataki poti", nikarudishwa na ushauri wa kumvumilia. Mara ya pili nilikuwa na karatasi iliyoonyesha choo kimoja kwa siku sita. Aliisoma, akaweka kalamu chini, akaomba mtoto alazwe chali.

Dawa tuliitumia miezi mitano. Poti tuliirudisha mwezi wa pili wa dawa, akaikalia siku ya tatu, baada ya chai na kiazi. Pazia lile bado lina alama ya vidole vyake upande wa chini. Nimeshalifua mara nyingi, haitoki.